Urithi wa klasi unapoleta hitilafu: kutoka dalili hadi chanzo

Hitilafu inayotokana na urithi ni nadra kuonekana mahali ilipoanzia. Mwandishi wa programu hukuta jaribio limeanguka katika faili ambalo halijaguswa kwa miezi kadhaa, au thamani tupu ndani ya objekti (kitu kilichoundwa kwa kufuata klasi, yaani kiolezo chake) inayoonekana kuundwa ipasavyo, au methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) aliyoiandika mwenyewe inayopitwa kana kwamba haipo. Kila moja ya dalili hizo inaweza kufunikwa kwa mstari mmoja wa `if`, na hiyo ndiyo sababu tatizo lilelile hurudi baada ya muda likiwa limevaa sura nyingine.

Katika mwongozo huu, klasi mama ni ile inayorithiwa, klasi mtoto ni ile inayorithi, na kufafanua upya ni kitendo cha klasi mtoto kuandika toleo lake la methodi iliyokwishaandikwa na mama. Mifano mingi inatoka Java, kwa kuwa maktaba yake ya kawaida ina makosa ya urithi ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma, lakini pale ambapo C++, C# au Python zinatofautiana nayo nitaeleza.

Jambo moja litangulie. Tendo la kurithi hufunga pamoja vitu viwili ambavyo havikulazimika kuwa pamoja: kupata msimbo wa mama bila kuuandika tena, na kuuahidi ulimwengu mzima kwamba objekti ya mtoto inaweza kutumika popote panapotarajiwa objekti ya mama. Hitilafu nyingi zilizoelezwa hapa chini zilianza pale mtu alipotaka kitu cha kwanza tu, akapewa na cha pili bila kujua.

Klasi mtoto imeharibika, na hakuna aliyeigusa

Tuseme maktaba fulani inatoa klasi `Daftari` yenye methodi mbili: `andika`, inayohifadhi mstari mmoja wa kumbukumbu, na `andikaYote`, inayohifadhi orodha ya mistari. Timu inayotumia maktaba hiyo inataka namba za kadi zisionekane kwenye kumbukumbu, hivyo inarithi na kufafanua upya methodi moja:

```
class DaftariSiri extends Daftari {
    @Override
    void andika(String mstari) {
        super.andika(fichaNamba(mstari));
    }
}
```

Majaribio yanapita yote, yakiwemo ya `andikaYote`, kwa sababu ndani ya mama methodi hiyo inazunguka orodha na kuita `andika` kwa kila mstari, na wito huo unaangukia kwenye toleo la mtoto. Miezi inapita. Toleo jipya la maktaba linatoka, na ili kuongeza kasi, `andikaYote` sasa inaandika orodha nzima kwenye faili kwa mkupuo mmoja bila kupitia `andika`. Hakuna kosa linalorushwa, kompaila (programu inayokagua msimbo na kuutafsiri kabla haujaendeshwa) haina la kulalamikia, na namba za kadi zinaanza kumwagika kwenye kumbukumbu zikiwa wazi.

Mtu akiuliza nani amekosea, jibu la haraka ni kwamba mwenye maktaba amevunja kitu. Sikubaliani nalo. Mwenye maktaba aliahidi kwamba mistari itahifadhiwa, na imehifadhiwa. Hakuahidi popote kwamba methodi yake moja itaita nyingine. Klasi mtoto ndiyo iliyoegemea jambo la ndani ambalo lilikuwa kweli kwa bahati tu. Urithi unaruhusu kuegemea huko bila kuacha alama yoyote kwenye msimbo, na ndiyo maana msomaji wa `DaftariSiri` hawezi kuona hatari hata akiisoma mara kumi.

Ili kuthibitisha chanzo hiki, weka kituo cha kusimamisha programu ndani ya methodi uliyoifafanua upya, kisha ita kila methodi ya wazi ya klasi mama moja baada ya nyingine. Andika ni zipi zinazopita hapo na ni zipi zinazopita kando. Orodha hiyo ndiyo mkataba wa siri ambao klasi yako inautegemea. Ikiwa nyaraka za mama haziutaji mkataba huo, basi umekwishapata jibu, na kurudia zoezi kwa toleo la zamani na toleo jipya la maktaba kutaonyesha mstari uliobadilika.

Tiba ni kuacha kurithi na badala yake kumiliki. `DaftariSiri` ibebe ndani yake objekti ya `Daftari` kama kigeu cha faragha, iwe na `andika` na `andikaYote` zake yenyewe, na kila moja ifiche namba kabla ya kuikabidhi kazi objekti ya ndani. Sasa haijalishi mama anaita nini ndani yake. Kuna faida nyingine ambayo husahaulika: maktaba ikiongeza kesho methodi ya tatu, tuseme `andikaHaraka`, klasi iliyorithi itaipata papo hapo kama mlango usio na mlinzi, ilhali klasi inayomiliki haitakuwa na mlango huo hadi mtu aamue kuujenga.

Sura ya pili ya dalili hii hutokea mama anapoongeza methodi ambayo jina lake limekwishatumiwa na mtoto kwa maana nyingine. Katika Java, mtoto anageuka kuwa ameifafanua upya methodi ambayo hakuijua. Waundaji wa C# waliliona hilo mapema, na tangu toleo la kwanza la mwaka 2002 lugha hiyo inamtaka mwandishi aandike `override` anapokusudia kufafanua upya, huku kompaila ikimwonya pale jina linapogongana bila kukusudiwa.

Klasi mtoto inakataa kazi iliyorithi

Alama zake zinaonekana kwa macho: methodi ambayo mwili wake wote ni kurusha kosa la "haitumiki hapa", methodi tupu isiyofanya kitu, au maelezo yanayomwomba msomaji asiite methodi ambayo iko wazi mbele yake.

Kipimo cha jambo hili kinatokana na kazi ya mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov, aliyelieleza kwenye OOPSLA, mkutano wa wataalamu wa programu za objekti, mwaka 1987, na kulipa sura ya kihisabati mwaka 1994 akishirikiana na Jeannette Wing. Kwa lugha ya kazini, kipimo kinasema hivi: mtoto hana ruhusa ya kudai zaidi ya alichodai mama kabla ya kazi, wala kutoa pungufu ya alichoahidi mama baada ya kazi, na lolote ambalo mama alihakikisha kuwa kweli wakati wote lazima mtoto alilinde pia. Kulingana kwa aina za parameta hakutoshi. Kompaila hukagua umbo la methodi, lakini haiwezi kukagua ahadi yake.

Chukua klasi `Akaunti` ambayo methodi yake `toa` inaahidi kufanikiwa mradi salio linatosha. Baadaye inakuja `AkauntiYaMuda`, ambayo hairuhusu fedha kutolewa kabla ya tarehe fulani. Ikirithi `Akaunti` na kurusha kosa ndani ya `toa`, imeongeza sharti ambalo mama hakulidai. Kazi ya mwisho wa mwezi inayozunguka akaunti zote ili kukata ada itakufa katikati ya njia: akaunti zilizotangulia zimekwishakatwa, zilizofuata hazijaguswa. Atakayeitwa usiku kurekebisha ataona kosa ndani ya kazi ya ada, na kishawishi chake kitakuwa kuweka pale swali la "ruka kama hii ni akaunti ya muda". Swali hilo litahitajika pia kwenye uhamisho, kwenye makato ya mkopo, na kila mahali panapoita `toa`.

Chanzo hakimo katika kazi ya ada. Chanzo ni kwamba sentensi "akaunti ya muda ni akaunti" ni kweli katika mazungumzo, lakini si kweli kwa ahadi ambayo msimbo umeiandika. Kwa hiyo ahadi ndiyo ipasuliwe: kiolesura (orodha ya methodi zinazoahidiwa) kimoja kibebe salio na kuweka fedha, na kingine kibebe kutoa fedha wakati wowote. Kazi ya ada itadai kiolesura cha pili, na kompaila itakataa kupokea akaunti ya muda kabla programu haijaendeshwa hata mara moja.

Maktaba ya Java ina vielelezo viwili ambavyo vimekuwepo tangu toleo la kwanza la mwaka 1996. `Stack`, ambayo ilipaswa kuruhusu kuweka na kutoa kileleni tu, inarithi `Vector`, na kwa hiyo mtu anaweza kuchomeka kitu katikati ya rundo kwa kutaja nafasi yake. `Properties`, iliyokusudiwa kubeba maandishi peke yake, inarithi `Hashtable`, na kwa njia hiyo inapokea kitu chochote kile. Kosa halijitokezi wakati wa kuweka bali wakati wa kuhifadhi, mbali kabisa na mstari uliolitia sumu. Nyaraka zake zinaonya juu ya jambo hilo waziwazi, lakini klasi zote mbili zimebaki vilevile kwa miongo, kwa sababu kuondoa urithi huo kungevunja programu za watu wengine. Ni heri kulijua hilo kabla ya kuchapisha maktaba yako.

Jinsi ya kukamata dalili hii mapema ni kuandika majaribio ya mama kwa namna ambayo yanaweza kuendeshwa dhidi ya objekti ya klasi yoyote inayorithi. Kila mtoto mpya apitishwe kwenye majaribio hayohayo bila kubadilisha hata moja. Mtu anapojikuta akiomba jaribio la mama liondolewe kwa ajili ya mtoto mmoja, urithi huo tayari umeshindwa.

Swali la "wewe ni aina gani" limetapakaa kila mahali

Mlolongo wa `instanceof`, swali la Java la kama objekti ni ya klasi fulani, mara nyingi ni kovu la dalili iliyotangulia: mtu alikutana na mtoto asiyetii ahadi, akamwekea njia ya pembeni. Fuatilia mlolongo mmoja, tafuta mtoto aliyeusababisha, kisha rudi kwenye sehemu ya juu. Hata hivyo si kila swali la aina ni kosa. Pale ambapo idadi ya watoto imefungwa na inajulikana, kama Java inavyoruhusu kwa klasi za `sealed` tangu toleo la 17 la mwaka 2021, kompaila inaweza kuhakikisha kwamba kila mtoto ameshughulikiwa, na msimbo wa namna hiyo husomeka vizuri kuliko methodi ndogondogo zilizotawanywa katika mafaili saba.

Objekti inaamka ikiwa nusu

Dalili: methodi inakuta thamani tupu katika kigeu ambacho kimepewa thamani waziwazi ndani ya klasi hiyohiyo. Msomaji anautazama mstari wa kuipa thamani na haamini macho yake.

Angalia kama konstrakta ya mama (sehemu inayoandaa objekti inapoundwa) inaita methodi ambayo mtoto ameifafanua upya. Katika Java, konstrakta ya mama humalizika kwanza, kisha ndipo vigeu vya mtoto vinapopewa thamani zake za mwanzo. Mama akiita methodi hiyo kabla ya kumaliza, toleo la mtoto linaendeshwa ndani ya objekti ambayo vigeu vyake bado ni sifuri au tupu. Kuna hali inayochanganya zaidi: toleo la mtoto likikipa kigeu thamani nzuri wakati huo, na kigeu hicho kikawa kimetangazwa kwa `= null`, thamani nzuri itafutwa mara baada ya konstrakta ya mama kumalizika, kwa kuwa tamko hilo linatekelezwa baadaye. Kufuta `= null` kunaonekana kuponya, na wengi huishia hapo, lakini mpangilio uliosababisha tatizo unabaki palepale.

Lugha nyingine zinatofautiana. C# huvipa vigeu thamani za tamko kabla ya konstrakta ya mama, kwa hiyo vinavyokosekana ni vile tu vinavyopewa thamani ndani ya mwili wa konstrakta ya mtoto. C++ huita toleo la mama lenyewe, kwa sababu wakati huo objekti haijawa bado ya aina ya mtoto. Hakuna thamani tupu, lakini aliyetarajia toleo la mtoto atashangaa. Katika Python yote yanategemea mahali ulipoweka wito wa `super().__init__()`.

Tiba ni moja: konstrakta isiite methodi inayoweza kufafanuliwa upya. Mama akihitaji kitu kutoka kwa mtoto, akipokee kama parameta ya konstrakta. Ikiwa kazi ya maandalizi ni ndefu, iwe hatua ya pili inayofanywa na methodi ya kiwanda, yaani ile inayounda objekti na kuirudisha, baada ya objekti kukamilika.

Methodi mpya haiitwi kabisa

Mara nyingi hapa chanzo ni kidogo. Parameta moja ina aina tofauti, au jina limekosewa herufi, na badala ya kufafanua upya umeongeza methodi ya pili iliyo jirani. Alama ya `@Override`, iliyoingia Java 5 mwaka 2004, na neno `override` la C++11 huligeuza kosa hilo kuwa la kompaila, na sioni sababu ya kuacha kuyatumia hata mara moja. Katika C++ angalia pia kama methodi ya mama imetangazwa `virtual`, yaani inaruhusu kufafanuliwa upya, na kama objekti ya mtoto inapitishwa kwa thamani badala ya rejeleo: ikipitishwa kwa thamani, sehemu ya mtoto inakatwa na kinachofika upande wa pili ni mama mtupu. Ukiwa katika C++ hiyohiyo, hakikisha kiharibu cha klasi mama (sehemu inayoendeshwa objekti inapofutwa) nacho ni `virtual` ikiwa objekti za watoto zinafutwa kupitia kielekezi cha mama, kwani kinyume chake tabia ya programu haina uhakika wowote.

Objekti ya kwanza ni sawa na ya pili, lakini ya pili si sawa na ya kwanza

Kielelezo kinachojulikana ni `java.sql.Timestamp`, inayorithi `java.util.Date` na kuongeza usahihi wa nanosekunde. `Date` ikiulizwa kama ni sawa na `Timestamp`, hulinganisha milisekunde na inaweza kukubali. `Timestamp` ikiulizwa swali hilohilo kuhusu `Date`, hukataa daima. Nyaraka zenyewe zinamwambia msomaji auchukulie urithi huo kuwa ni wa msimbo tu, si wa aina, jambo ambalo lugha haina namna ya kulisimamia. Matokeo yake ni seti ambazo majibu yake yanategemea upande upi umeuliza, na hitilafu zinazotokea siku moja na kutoweka nyingine.

Hakuna njia safi ya kumwongezea mtoto kigeu kinachohesabiwa katika usawa huku ukilinda ahadi zote za mama. Ukilinganisha klasi halisi za objekti, utarudisha ulinganifu, lakini mtoto hatakuwa tena mbadala kamili wa mama. Njia inayobaki ni mtoto kumiliki thamani ya mama na kutoa methodi inayoirudisha kwa anayeihitaji.

Kila ombi jipya linazaa klasi kadhaa

Ripoti ina miundo mitatu, vyanzo vinne vya data, na njia mbili za kutumwa. Kwa urithi, kila mchanganyiko unadai klasi yake, na idadi inafika 24; ukiongeza muundo mmoja, zinazaliwa nyingine nane. Majina ndiyo yanayotoa siri kwanza, kwani klasi inapoitwa `RipotiYaJedwaliKutokaHifadhidataKwaBaruaPepe`, jina lake linaorodhesha mihimili mitatu isiyohusiana. Kila mhimili uwe kiolesura chake, `Ripoti` ibebe objekti moja ya kila mhimili, na kazi itabaki na vipande tisa vinavyounganishwa wakati wa kuendesha.

Wanaojaribu kukwepa hilo kwa kurithi mama wawili hukutana na tatizo la almasi: bibi mmoja akifikiwa kwa njia mbili. Python tangu toleo la 2.3 hupanga mama kwa kanuni ya C3, na `__mro__` itakuonyesha mpangilio huo. Iangalie kabla ya kubahatisha, kwani `super()` humwita anayefuata kwenye orodha, ambaye huenda si mama wa klasi unayoisoma.

Kuhama kutoka kurithi hadi kumiliki

Usianze kwa kufuta `extends`, neno linalotangaza urithi. Anza kwa kumwekea mtoto kigeu cha faragha chenye objekti ya klasi mama, kisha hamisha methodi moja moja ili ikabidhi kazi kwa objekti hiyo, ukiendesha majaribio kila hatua. `extends` ifutwe mwisho, na makosa ya kompaila yatakayotokea ndiyo orodha ya kweli ya methodi ambazo watumiaji walikuwa wakizihitaji. Kwa kawaida huwa chache kuliko ilivyodhaniwa.

Kuna mtego mmoja. Objekti ya ndani haijui kwamba imevikwa nyingine, na inapojisajili mahali fulani kwa kutoa `this`, yaani rejeleo lake yenyewe, wito utakaorudi utaifikia yenyewe moja kwa moja na kuruka ulinzi wa nje. Niliwahi kupoteza siku mbili kwa hitilafu ya namna hiyo, nikiitafuta katika klasi mpya ambayo haikuwa na kosa lolote. Tafuta kila mahali ambapo klasi ya ndani inajitoa nje, na kama pako, usajili ufanywe na klasi ya nje.

Si kila urithi wa kuondolewa. Mama na mtoto wakiwa chini ya timu moja, katika kifurushi kimoja, na mama akiwa ameandaliwa kwa kazi hiyo, yaani mifupa ya kazi imefungwa kwa `final` (neno linalozuia kufafanua upya au kurithi) na nafasi za mtoto kujaza zimetajwa na kuelezwa zinaitwa lini, urithi ni njia fupi na inayosomeka. Kinacholeta shida ni klasi ambayo haikuandaliwa kurithiwa lakini imeachwa wazi kwa sababu hakuna aliyeifunga. Kotlin hufunga klasi zote isipokuwa zile zilizotamkwa wazi. Katika Java na C++ kazi hiyo ni ya mwandishi, na mpangilio wa kuifanya una uzito wake, kwa kuwa kuondoa `final` baadaye hakuvunji programu ya mtu, lakini kuiongeza kwenye klasi ambayo tayari ina watoto huzivunja zote zinazorithi siku hiyohiyo.